Kibao Nilichomvalisha Ngalula

Lubumbashi,
Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Huo mguu umeacha kukusumbua? Na mihogo hapo Butiama, mvua imeifikia? Mimi mwili uko salama, ila moyoni sina raha, na sababu ni aibu.

Uliniuliza kwenye simu kama watoto wa huku wananielewa, nikakujibu wananielewa sana. Baba, Kifaransa changu ni cha kuunga-unga. Nilipoomba kazi hii ya kufundisha Kiingereza nilisema Kifaransa nakijua. Kabla ya kipindi huwaga nanakili kamusi, basi.

Jumanne nilifundisha neno la Kiingereza "get", ambalo lina maana chungu nzima. Kifaransa chake nikaandika "obtenir", nikasema linatosha kila mahali: kupata barua, kuamka, hata kuzeeka. Ngalula, binti wa miaka kumi na miwili, akanyoosha kidole. Akasema kwa upole, "Mwalimu, barua ni recevoir. Kuamka ni se lever. Bibi akizeeka tunasema vieillir."

Darasa likacheka. Nikapandwa na hasira. Nikakata kibao cha boksi, nikaandika "Mjuaji", nikamvalisha shingoni kwa kamba mpaka kengele ya kutoka, kama tulivyovalishwaga sisi shuleni Nyakato tukikosea Kiingereza. Hapa walikuwa hawajaona kitu hicho. Kicheko kilikatika. Jioni nilifungua kamusi vizuri, nikakuta mtoto alikuwa sahihi, maneno yote matatu.

Hakuja tena shule. Jana nikaenda kwao kuomba radhi. Bibi yake anayemlea akanikaribisha chai, akasema, "Aksanti, mwalimu, kwa kumrudi. Ameniambia alikukosea adabu, sasa anaona haya kurudi." Ngalula alikuwa amesimama mlangoni, anatazama chini. Mtoto amenifichia aibu yangu, baba. Na mimi nikasema, "Haidhuru, bibi," nikanywa chai yote, nikaondoka. Sijawahi kujidharau hivyo.

Kesho asubuhi narudi kwa bibi huyo nimwambie ukweli, kisha niuseme darasani na kwa mkuu wa shule. Wakinifukuza, nitakuja tulime.

Nisalimie mama, na shangazi wa Kiabakari, na mdogo wangu Mafuru aliyeanza ualimu huko Bunda. Nilitaka kukuomba uichane barua hii ukishaisoma. Hapana. Mpe Mafuru aisome kabla hajaingia darasani.

Mwanao,
Nyamisi