Furaha, Papa Yako Ameiona Filme

Furaha, rafiki yangu,

Wameiona! Jumapili baada ya misa ya pili, ukumbi wa parokia hapa Kilibula ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, wakatuharibia giza tulilolitengeneza kwa vitenge vya mama yangu. Nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Tangu tukuzike, filme yako ya msichana anayekuwa mtu mzima ilikuwa imelala kwenye kompyuta yangu, imekosa ruhusa tu. Papa yako alisema ataitazama pamoja na watu, na akiona inaaibisha ukoo, ataifuta mbele ya macho yetu. Alikaa mstari wa mbele. Mimi nilikaa nyuma yake, nikatazama shingo yake zaidi ya filme.

Unajua nilipokuwa naogopa. Ni pale kwenye filme ambapo mama yuko hospitali, msichana anawaambia kaka zake, "Leo sifui," na baba, badala ya kumchapa, anachukua beseni na kushuka ziwani kufua mwenyewe. Dakika tano, hakuna muziki, hakuna neno! Ulipokataa nizipunguze nilikuita kichwa ngumu. Sasa sikia. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasimama, akamkaripia yule mchezaji wa filme kama vile anasikia: "Weye papa, anza na kola! Kola!" Ukumbi ukalipuka. Wanawake walimfundisha kufua mpaka shati la mwisho, na alipolianika wakapiga vigelegele.

Mwishoni tukaomba maoni. Lo! Mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Rugenge alilalamika kwamba hakuna mapigano, hakuna ndoa, msichana hata hatoroki nyumbani, sasa amekuaje mkubwa? Mzee mmoja wa parokia akasema mwanaume kufua mbele ya wanawake ni kujivua nguo hadharani. Muuza ndagala akawajibu wote wawili: "Mutoto alikuwa mukubwa tangu mwanzo. Papa njo anakomaa." Furaha, miezi yote ile, wewe na kamera, mimi na kompyuta, na sikuona kwamba anayekua ni baba! Ulinificha, au ulidhani nimeelewa?

Hapo papa yako akaomba mikro, naye aseme asikike. Nikaikumbatia kompyuta.

"Ule papa munacheka, njo miye," akasema. "Mama Furaha alipokuwa mugonjwa, nilikuwa nashuka ku ziwa asubui sana, mbele bantu baamuke. Nilizania hakuna muntu aliniona. Kumbe mutoto wangu aliniona."

Hakuna aliyecheka. Akaketi, akalia waziwazi, yule papa yako ambaye hata siku ya mazishi alikaza uso. Nami nikalia, na nilikukasirikia kidogo kwa kuwa hukuwepo.

Ijumaa tunaipeleka Luvungi. Papa yako anakuja nasi, na ameshaanza kuuliza kama kule kuna viti vya kutosha. Mwanafunzi wa Rugenge naye anataka kuja, eti aitazame tena ndipo aikosoe vizuri.

Lala salama, Furaha. Nakuahidi sitakata hata sekunde moja ya ule ufuaji. Nilimwuliza papa yako, kwa kumlinda na midomo ya watu, kama tuandike mwishoni kwamba hii ni hadithi ya kubuni tu.

"Hapana," akanijibu. "Andika jina yangu."

Wako,
Riziki