Shairi Lililomtoa Mtoto Garini

Kwaaa! Halafu puu! Ndugu yangu, nilikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado, nikasikia watoto wanalia nje.

Nikatoka mbio na kitambaa cha kinyozi shingoni. Gari la shule limelala ubavu mtaroni, petroli inachuruzika, na watu wazima wamesimama wanapiga picha. Wanapiga picha!

Nikapanda juu, nikavunja kioo kwa kigoda nilichochomoka nacho kwa kinyozi, nikawatoa watoto sita. Wazima wote, mikwaruzo tu.

Wa saba akang'ang'ania kiti. "Sitoki! Wewe zimwi!"

Zimwi! Mimi!

Nikaona nimtulize kwa shairi langu, lile la beti kumi na mbili, unalijua. Akanyamaza. Nikajua limemwingia. Kumbe! Ubeti wa pili tu, akaziba masikio: "Nikitoka utaacha?"

Utaacha, ndugu yangu!

Kinyozi akanipigia kelele, "Mkubalie, bwana, mtalipuka!"

Nikakubali. Akanirukia shingoni, tukashuka. Tulipofika chini, mama yake naye kafika mbio, akadai nirudie ahadi mbele yake. Nikatamka, mtaa mzima unasikia: "Sighani tena maishani."