Yai Lisilongoja Mume

Matrah, Maskat
Mfungo Tano, 1967

Kwako dada yangu Raya,

Nakushika miguu. Nataraji goti la mama limepoa, na wanao hawajambo huko Mombasa. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa, na sina wa kumwambia ila wewe, dada na mkunga.

Seif alikuja likizo, kesharudi Bahreni kwenye kazi yake ya mafuta, na mimba sikushika. Mwaka wa tatu huu. Mama yake ndiye anayemwita, na safari hii nilimwomba amwite wiki moja baadaye. Nikamweleza ulivyonifunza: yai la mwanamke hushuka kwa mwezi wake, mume awepo asiwepo, likimkosa linapotea. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Sisi tumefuga tangu mababu," akasema. "Twende Bawshar ukaone."

Kaka yake anafuga ngamia huko. Ilikuwa baridi, dume anatoka povu mdomoni, akaletewa jike. Yule jike hana dalili yoyote, halii kama mbuzi wa kwetu wakati wao ukifika. Mzee akatwambia ngamia jike hana siku zake. Dume akimpanda ndipo kitu kinaposhuka tumboni, na akishika mimba huinua mkia dume akimkaribia. Nikakumbuka uliyonieleza juu ya paka na sungura, kuwa nao ndivyo walivyo. Kwa ngamia, basi, mkwe wangu kasema kweli tupu. Kosa lake ni kunitia na mimi zizini humo.

Nikamwambia, "Mama, mie ni wa upande wa mbuzi." Akacheka, na wanawake wote wakacheka. Ukali wangu unaujua, dada, lakini nyumba ni yake.

Akamwita mwanawe baridi ileile, wakati madume wanapochachamaa. Seif kashuka melini mchana, na mimi asubuhi yake nimeingia mwezini. Nilipotwaharika, likizo imebaki kidogo, na yai bado.

"Ongeza wiki moja tu," nikamwambia.

"Kazi itapotea, Zuwena. Na mama kasema hapana haja."

Meli haijafika mbali, yakanijia yale maumivu ya ubavuni, ya yai kushuka, uliyonifunza kuyajua. Nililia jikoni peke yangu, nikamlaani mkwe wangu na ngamia wote wa Bawshar. Mungu anisamehe.

Sasa naitwa tasa. Ati nimekaa na mume na hakikushuka kitu, basi hakimo. Wamemposea Seif binti wa jirani, mtoto mpole, sina ugomvi naye. Mkwe kaniambia mimi ndiye nitakayempaka hina, kwa kuwa sisi wa Unguja tunajua kuchora. Nikikataa nitaachwa, na nikiachwa sina pa kwenda. Nyumba ya baba kule Unguja, tangu mapinduzi wanakaa wengine, na hapo kwako mmeshabanana.

Nibusie mama mikono, usimwambie haya. Nisalimie shemeji, na shangazi aliyenilea, mwambie nnamwombea kila sala.

Siku ya arusi imeshawekwa. Nimehesabu, dada, nikahesabu tena: safari hii Seif atafika kwenye siku zangu zilizo njema kabisa. Lakini anakuja kukaa fungate, na fungate ni ya bi arusi.

Mdogo wako akupendaye,
Zuwena