Betto Aliyepelekwa Motoni Angali Hai

Monterace, Jumanne baada ya Watakatifu Wote

Kaka yangu Bindo,

Mungu aijalie barua hii ikukute unapumua vizuri, na kile kikohozi cha moshi wa mapipa ya rangi kiwe kimekuachia kifua. Wifi Tora hajambo? Mwambie shali yake ndiyo inayonifunika magoti ninapoandika haya. Mpwa wako Nuta ni mzima, anakusalimu, ingawa siku hizi hali chakula vizuri, na nitakueleza kwa nini. Mwandiko wangu usiucheke. Marehemu mume wangu Nardo, katika kazi yake ya kunakili vitabu, alinifundisha kumpigia mistari kwenye kurasa zake, si kuzijaza. Haya machache niliyaokota kwa kuchungulia begani mwake.

Watu wa huku unawajua. Tangu lile shairi la Jehanamu, la mshairi anayesimulia alivyoshuka motoni akawakuta watu kwa majina, lianze kusomwa makanisani, wamekuwa wagonjwa wa wivu. Wenzetu wa ng'ambo ya mto wana watu watatu mle motoni, kwa majina, na sisi hatuna hata mmoja. Siku za soko tunachekwa. Wanatuambia hata dhambi ya maana hatujui kutenda, na shetani mwenyewe akiulizwa Monterace ni wapi atakuna kichwa. Na wazee wetu wa baraza, vichwa vitupu wale, wakaona hiyo ni aibu ya mji.

Basi mwezi wa tisa akatokea Mwalimu Arrighetto juu ya punda, na kitabu kikubwa cha jalada jeusi. Akasema nakala za wengine zimekatwakatwa kwa woga, yake ndiyo kamili, ina hata watu wa milimani. Wakampokea kama askofu! Mtu mwenyewe ana shingo ya bata aliyenyonyolewa, na nywele amezipaka mafuta mpaka nzi wanateleza. Kila Jumapili baada ya misa anasimama pale mbele, analamba kidole, anafunua ukurasa, na anamkuta mtu wetu mmoja. Siku alipomtaja babu wa mchinja nguruwe, kwamba yumo kwenye lami inayochemka pamoja na walaghai wenzake, mchinjaji alilia kwa furaha. Akawa anakumbatia watu na kuwaambia, "Babu yumo! Yumo mpaka kifuani!" Ungedhani mzee amefanywa kadinali. Jioni hiyo Arrighetto akapelekewa paja zima la nguruwe. Yule hajanunua chakula tangu aje.

Jumapili ya tatu akamfikia Betto wa kinu. Padre Ghino akamkatiza, akasema Betto huyu hapa, amekaa kwenye benchi, hajafa. Arrighetto akatabasamu. Akasema huo ndio utamu wa shairi lenyewe. Wako wasaliti ambao roho zao huanguka chini kabla ya siku zao, na mwili unaobaki juu ukila mkate ni shetani ameuvaa. Akasoma kwamba Betto aliapa juu ya mfupa wa mtakatifu, kisha akairudisha pete ya posa imefungwa kwenye jani la kabichi. Kaka, Betto aligeuka mweupe kama unga wake. Kanisa zima likaona.

Tangu siku hiyo hakuna anayempelekea ngano. Wanawake wakipita kinuni wanajipiga ishara ya msalaba. Watu wazima wenye ndevu wanamrushia maji ya baraka waone kama atatoa moshi, na asipotoa wanasema shetani huyu ni mzoefu. Mkewe amerudi kwao. Baraza limeamua kwamba wiki ijayo, sikukuu ya Mtakatifu Martino, atatolewa nje ya lango la mji na kinu kivunjwe. Mtu wa miaka sitini, mwenye nyonga mbovu, majira ya baridi yanaanza. Wamemwuliza pete ilikuwa ya nani. Amekataa kusema.

Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikainuka, nikamnyang'anya Arrighetto kitabu, nikakifunua mbele ya watu. Nikawaambia waangalie, shairi mistari yake ni mifupi, huacha weupe pembeni, na hapa maandishi yamejaa ukurasa. Hiki ni kitabu cha maradhi ya farasi. Nardo wangu alikinakili kwa ajili ya mazizi ya bwana mmoja, mwandiko wake naujua. Nikawasomea polepole kwamba farasi akivimba tumbo, apewe mafuta na divai, atembezwe mpaka anye.

Unadhani waliona haya? Mzee wa baraza alisema maandishi matakatifu hubadilika machoni pa mwanamke asiyesoma. Mwingine akasema farasi ni mafumbo. Arrighetto akakichukua kitabu taratibu, akaniambia, "Keti, mama yangu, umechoka." Ndipo mchinja nguruwe akauliza kwa sauti: kama si kitabuni, huyu mgeni angejuaje habari ya jani la kabichi? Wote wakanigeukia. Betto pia akaniangalia. Nikaketi.

Nimezunguka sana, kaka. Sasa niseme.

Pete ilikuwa ya Nuta, tuliyoitoa sisi siku ya posa, na tangu isomwe kanisani ndipo chakula hakimpiti. Betto alimposea kijana wake, akaapa, kisha akapata mkwe mwenye shamba la mizeituni. Hata wewe sikukuambia, kwa aibu. Habari ya jani la kabichi ilijulikana katika nyumba mbili tu, yake na yangu. Na mwandiko wa Nardo sikuanza kuutambua Jumapili iliyopita. Niliutambua siku ya kwanza kabisa. Nilimfuata Arrighetto zizini kwa punda wake, nikamwambia nimemjua. Hakushtuka hata kidogo. Aliniuliza kwa upole, "Basi, mama, wewe unataka nani aende?"

Nikamtajia. Na jibini nikampelekea.

Nimewadharau wote katika barua hii, na wanastahili. Lakini wao walidanganywa. Mimi nilijua ni dawa ya farasi, nikakaa benchi la mbele nikasikiliza kwa raha. Na yule niliyemtupa motoni angeweza kujiokoa kwa neno moja, aseme pete ilikuwa ya nyumba gani, watu wajue habari imetokea kwa nani. Amenyamaza ili binti yangu asichekwe. Mvunja kiapo yule! Sijui nimweke wapi.

Nilitaka kukuomba uazime huko Pisa nakala ya kweli uje nayo. Nimebadili mawazo. Hawa hata ukiwaletea kitabu cha kweli watasema kimekatwakatwa. Njoo wewe mwenyewe, ufike Jumamosi. Jumapili nitasimama tena, na safari hii nitajibu swali la mchinjaji. Nataka uwe umekaa kando ya Nuta wakati huo, maana sijui watanifanya nini, na akihitaji kuondoka, aondoke nawe.

Yeye nimemwambia jana, alikuwa anamenya maharage. Alimenya mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Sema, mama. Ukifika kwenye kabichi nitacheka mimi wa kwanza, wasinitangulie."

Mchukuzi wa chumvi anaondoka kesho alfajiri na barua hii, mpe divai kidogo akifika. Wasalimie nyumbani kwako wote, kila mmoja kwa jina. Vaa nguo nzito, njia ya kwenye vilima ina barafu.

Ni mimi dada yako, ambaye roho na mwili bado viko mahali pamoja,

Ghisola