Kichupa cha Mate Kilichochelewa

Baba Watoto,

Nimekwenda hospitali kupeleka vichupa vya mate. Chai iko kwenye chupa, mayai chemsha mwenyewe. Pasi bado ina moto, usiiguse. ~~Nitarudi saa sita.~~ Nitarudi nikirudi.

Unanicheka kwamba nanuka samaki kwa sababu ya vidonge vile vya mafuta ya samaki. Haya, cheka. Watafiti wanataka kujua kama mafuta hayo hupunguza homoni ya msongo wa mawazo, ndiyo maana natema mate nikifumbua macho tu, kabla ya kunyanyuka. Wenyewe hawajajua bado. Lakini leo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yangu, nimeamka moyo haunidundi. Wewe ulikuwa nje ukiosha pikipiki. Pazia lilikuwa likipumua, mwanga ukitambaa ukutani, nami nikajiona kama naelea.

Mara kitindamimba wetu akachungulia mlangoni. "Mama, leo umeamka vizuri, au nirudi baadaye?"

Imenichoma. Kumbe kila asubuhi mtoto hunipima kabla ya kuingia! Nikafunua shuka, akajikunja ubavuni kwangu, akalala. Kichupa nikakisahau nusu saa nzima.

Nimetema baadaye, na kwenye kichupa nimeandika saa ya kweli. Wakinitoa kwenye utafiti, basi, na wanitoe.

Leo hakuna shule, usimwamshe. Akiamka mwenyewe, ~~usimwambie kitu~~ mwambie kesho aingie tu, hata kama nimeamka vibaya.

Mama Watoto