Chatu wa Mwajuma

Temeke, Alhamisi.

Na bado nasema chatu hana sumu. Nimewaeleza majirani kwa utulivu kwamba yule ni mdogo, anakula panya tu. Mzee Saidi akadakia, "Mwalimu, kwani kukabwa nako kunataka sumu?" Wakaangua kicheko. Kesho baada ya sala ya Ijumaa watakuja na marungu.

Nikaenda kwa mdogo wangu Mwajuma, anayemfuga ndani ya mtungi uliofunikwa ungo. Nikamwuliza, kwa mara ya kwanza, mapenzi haya yalianzaje.

"Kwenye eda, kaka. Marehemu kazikwa, nyumba kimya. Kila jioni huyu akipita ukutani. Mwanzo nilimwogopa. Kisha nikawa namngoja, namwachia mlango wazi."

Nilikuwa na maelezo mengi. Nikamwambia tu habari ya marungu ya kesho.

"Haya, tumtoe wasije wakamuua," akasema. "Lakini jioni atakuja nani?"

Tumempeleka porini, upande wa Mbagala. Mtungi kaubeba mwenyewe. Hakulia.

Tuliporudi nikatandika mkeka barazani kwake, na ndipo ninapoandika. Mlango ameuacha wazi. Sijamwuliza anamngoja nani.