Fungu la Mchunga

Dada Somoe,

Shikamoo. Tulifika salama hapa Ilala kwa shemeji, ila mwanangu Juma alishikwa na homa, na hata ilipopoa alikataa chakula. Ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, alikuwa akiutazama tu. Nikaenda Kariakoo kumtafutia mchunga, ile mboga chungu aliyokuwa akitupikia marehemu mama kila tulipougua.

Soko jipya lina sehemu chini ya ardhi, kuna baridi na kiza hata mchana. Muuza mboga mmoja alinipa fungu kabla sijasema neno.

"Hili lako. Limeshachaguliwa."

"Na nani? Mimi mgeni hapa."

"Mama mmoja mwenye kovu kidevuni. Alinusa jani moja moja, akayatupa yaliyokomaa. Akasema, mwanangu anakuja, mwambie asisahau kumwaga maji ya kwanza."

Dada, kovu la mama unalijua. Niligeuka nikaona wachukuzi na magunia tu.

Nilichemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikaunga kwa nazi. Juma alimaliza bakuli, akaomba tena. Mimi sikuthubutu kuonja.

Baba usimweleze, atakosa usingizi. Lakini Ijumaa ukimsomea mama Yasini, mwambie mtoto amekula. Mwambie sasa arudi akapumzike.

Wabusu wanao, na Mungu akutunzie kifua chako msimu huu wa baridi.

Mdogo wako,
Zainabu